Ndoo ya Nyongeza

Mwezi wa saba, mikorosho ya Mbekenyera inapopuliziwa salfa, hata jogoo huwika kisha akakohoa. Sisemi uongo, au nasema kidogo tu. Vumbi lile la njano hupanda alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani, mabomba yananguruma shamba kwa shamba, na jua likishapanda vumbi limekwishatua juu ya kila kitu: paa, mboga, kofia ya mzee, nywele za bibi harusi. Mgeni akishuka kwenye gari hufunika pua kwa kanga. Sisi tunamshangaa na kumuuliza, vipi dada, mafua?

Nalitaja vumbi hilo mapema maana siku ile lilipotakiwa kutajwa, hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja.

Tulikuwa kikundi cha akina mama tunaotengeneza mkaa wa maganda ya korosho. Mimi nilikuwa katibu kwa sababu ya cheti. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa mke wa mtu na mtoto mgongoni, chini ya taa ya sola iliyozimika kila tulipofika kwenye pembetatu, na mwalimu wetu alikuwa mdogo hata kwa kitindamimba wa kwetu. Tangu nipate kile cheti, kijijini haifunguliwi bahasha bila mimi kuitwa, hata kama ndani kuna kadi ya harusi ya mtu nisiyemjua.

Afisa mmoja aliwahi kuja kutuambia kwamba sisi ndio uchumi wa kijani. Tulitazamana. Tulikuwa weusi kuanzia utosini hadi kwenye kucha, meno tu ndiyo yaliyoonekana. Mwenzetu mmoja akauliza, “Hicho kijani kitaanza kutoka lini, baba, maana mimi naoga kwa mchanga na bado?” Afisa alicheka mpaka akaegemea pipa, akaondoka na mgongo mweusi.

Lakini alichosema kilikuwa na maana. Korosho ina wenyewe. Mkorosho ni wa baba, wa kaka, wa mjomba, na fedha ya mnada huingia kwenye simu yake. Maganda hayakuwa na mwenyewe. Yalirundikwa nyuma ya banda la kubangulia, yakitoa mafuta yanayobabua ngozi, na hata mbuzi waliyakwepa. Tukayachukua sisi. Yanachomwa ndani ya pipa mpaka mafuta yaishe, yanatwangwa, yanachanganywa na uji wa muhogo, yanashindiliwa kwenye kalibu, yanaanikwa kwenye vichanja bandani. Mwanzoni tulikuwa kichekesho cha kijiji. Kisha shule za bweni zikaambiwa ziache kupikia kuni, yale malori ya magogo yaliyokuwa yakipita upande wa Nambambo yakapungua, na shule moja ya Nachingwea ikatuma neno kwamba inataka kuujaribu mkaa wetu. Wiki ile ile maganda yakapata baba, kaka na wajomba. Wanaume walikuja bandani wakasema kazi ya pipa ni nzito, ni ya kiume, sisi tubaki na kupakia.

Aliyewajibu alikuwa wifi yangu, mdogo wa mume wangu. “Pipa liko hapo,” alisema. “Anayeliweza aje alishike.” Mmoja alilishika. Alilishika mara moja tu.

Wifi ndiye alikuwa mtu wa moto. Alikaa karibu na pipa akitazama moshi: kwanza mzito kama wa mpira unaoungua, baadaye wa kijivu, mwishoni mwembamba wa bluu, karibu hauonekani. Hapo ndipo alipofunika na kuziba kwa udongo. Ukiwahi kufunika, mafuta yanabaki ndani na mkaa unatoa moshi wa kuua kuku. Ukichelewa, unakuta majivu. Alikuwa hachezi na kazi hiyo. Nilimwita tukale, akajibu bila kugeuka, “Kula na sehemu yangu, wifi.” Na mimi nikala, sikumwangusha.

Alikuwa na sababu ya kutogeuka. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka Naipingo, kwa mumewe, baada ya ufuta alioulima peke yake kuuzwa bila yeye hata kuulizwa. Hakupigwa, hakutukanwa. Alifunga nguo, akapanda bodaboda, akaja kwa mama yake. Na kwetu, mwanamke akirudi hivyo, mwenye neno ni mjomba, kaka wa mama. Mjomba wao alikuwa mzee wa mikorosho mingi na maneno machache. Alimketisha barazani, mimi nikiwa pembeni nachambua choroko polepole sana ili zisiishe.

“Unakula nini hapa?” alimuuliza.

“Nakula kazi, mjomba.”

“Kazi ipi? Ya masizi?”

“Masizi yana mnunuzi.”

“Mnunuzi yuko wapi? Mimi nimeona masizi tu.”

Wifi akamweleza habari za shule. Mjomba alisikiliza, akatema mate pembeni. “Mumeo amenitumia ujumbe. Anakuja Ijumaa na wazee wake kukuchukua. Mimi siwezi kumwambia mtu mkewe anabaki huku kwa sababu anapenda moshi. Hiyo shule ikiukubali mkaa wenu, nitakuwa na la kusema. Ikiukataa, utafunga mzigo wako.”

“Na jaribio ni Jumatano,” wifi alisema.

“Basi Jumatano na mimi nitakwenda. Nataka kuona kwa macho yangu hilo sufuria likichemka.”

Kuanzia hapo sikuzitazama tena choroko.

Siku mbili zile pipa halikupoa. Wifi alilala na harufu ya moto, aliamka nayo. Jumanne jioni mkaa ulikuwa umekauka vichanjani, mweusi unaong’aa, ukiugonga unalia kama kigae. Tulijaribu vipande viwili vitatu uani kwangu. Chai ikachemka kabla sijapata majani ya chai. Kilichobaki ilikuwa kitu cha kupakilia. Hatukuwa na magunia. Tukiwa tunafikiria kuvua mapazia, mjomba akatokea barabarani, amebeba begani furushi lililofungwa kwa kamba ya katani, nyusi za njano kama kifaranga kwa kutoka shambani.

Ilikuwa ni mifuko ya salfa, mizima, imefuliwa na kukunjwa vizuri. Huku kwetu mfuko wa salfa hautupwi. Ukishapulizia dawa, unaufua mtoni na maisha yake ndiyo yanaanza: ndiyo mlango wa bafu, ndiyo mkeka wa kuanikia mtama, ndiyo koti la mvua. Ukiiondoa mifuko ya salfa wilayani Ruangwa, nusu ya watu watabaki uchi na nusu watanyeshewa.

“Msije mkasema mjomba hakuchangia,” alisema, akaiweka chini.

Wifi alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimwona akilegea mabega. Tulipakia mpaka giza likatukuta. Mkaa uliobaki, usiotosha kujaza mfuko mwingine, wifi aliutia kwenye ndoo yake ya plastiki.

“Huo uache, tutapikia,” nilimwambia.

“Ni nyongeza,” alisema. “Mtu anakununulia mara ya kwanza, unampimia kipimo kitupu, atarudi?”

Alikuwa sahihi. Kisado cha mahindi bila konzi ya juu si biashara, ni ugomvi.

Jumatano mizigo ilitangulia kwa pikipiki ya magurudumu matatu, sisi tukafuata kwa bodaboda. Mjomba alikuwa mbele, amevaa koti la sikukuu. Wifi alikaa nyuma yangu na ndoo mapajani, ameishika kama ameshika mtoto wa watu. Barabara ya kwenda Nachingwea siku hiyo ilikuwa na mashimo ambayo ng’ombe angeweza kuzaa ndani yake asionekane, lakini wifi hakumwaga hata kipande. Hakusema neno pia. Mimi nilisema ya wawili.

Jikoni tulipokewa na mpishi mkuu, mama mnene wa Njombe aliyehamishiwa huku muhula ule, pamoja na mwalimu wa chakula, kijana mwenye haraka anayetazama saa kila anapovuta pumzi. Jiko lilikuwa jengo kubwa la matofali, milango miwili, madirisha ya juu, majiko ya kujengea, na sufuria ambalo ndani yake ungeweza kumtia diwani mzima na wajumbe wake. Maharage ya chakula cha mchana yalikuwa tayari kwenye maji.

“Mjue mapema,” mwalimu alisema, “kuna mfanyabiashara ameahidi kutuletea mkaa wa kiwandani kwa lori kutoka Dar es Salaam. Leo asubuhi amepiga tena. Mkiweza nyie, ni nyie. Msipoweza, mchana nampigia.”

“Tutaweza,” wifi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea.

Mjomba alitafuta kigoda, akakaa mkabala na jiko, fimbo katikati ya magoti.

Wasaidizi wakamimina mfuko wa kwanza jikoni. Moto ukashika upesi. Ndimi ndogo za bluu zikaanza kutembea juu ya makaa, nzuri ajabu, nami nikamgusa wifi kiwiko. “Ona,” nilimwambia. “Umetengeneza gesi.” Wifi alikunja uso. Alikuwa anatazama juu ya zile ndimi, mahali pasipokuwa na moshi wowote.

Kisha mpishi mkuu akakohoa.

Alikohoa tena, akashika koo. Wasaidizi wakaanza kufikicha macho. Kitu kilinikaba kooni kama nimemeza pilipili na kisu chake, machozi yakanitoka, na kabla sijaelewa tulikuwa tunasukumana mlangoni, mwalimu akiwa wa kwanza, saa yake ikiwa imeinuliwa juu kana kwamba nayo inakohoa. Wanafunzi darasani wakasimama madirishani kututazama. Mjomba alitoka wa mwisho, taratibu, kwa heshima yake, akakohoa mara mbili ndani ya kofia.

Tulisimama nje tukitweta. Mpishi ndiye aliyepata sauti mwanzo.

“Dada zangu, mnataka kuua watoto wa watu?”

“Ni mafuta,” mwalimu alisema. “Nilisoma habari zake. Maganda ya korosho yana mafuta makali. Hamkuyachoma yakaisha.”

Hapo wote tulimgeukia wifi. Hata mimi. Naiandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: shingo yangu iligeuka yenyewe. Mtu wa pipa alikuwa yeye.

“Mafuta yaliisha,” wifi alisema.

“Sasa hicho kilichotukaba ni nini?”

“Sijui. Lakini mafuta yaliisha. Mafuta yana moshi. Mmeona moshi? Mimi sikuona moshi.”

“Mama, mimi sikupima moshi, nimepima koo langu.” Mwalimu akatoa simu mfukoni.

Mjomba aliegemea fimbo yake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Angepiga kelele ningejua pa kushika. “Haya,” alimwambia wifi, kama mtu anayefunga duka. “Nimeona kwa macho yangu. Twende nyumbani ukafunge mzigo.”

Wifi hakusogea. Alikuwa amesimama na ndoo yake mkononi. Katika purukushani ile yote alikuwa ametoka nayo. Akaitazama. Kisha akaenda kwa mpishi, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya kwa mkubwa.

“Mama, hii ni nyongeza yenu. Ni ya pipa lile lile, mikono ile ile. Naomba uiwashe kabla mwalimu hajapiga simu. Nyumba nzima ikikohoa tena, nitaondoka mwenyewe, sitafukuzwa.”

“Mwanangu, tumeshaona.”

“Umeona wa mfuko. Wa ndoo hujauona.”

Sidhani kama alijua anachokisema. Nilimuuliza baadaye, akaniambia alikuwa anatafuta tu neno la kumzuia yule kijana asibonyeze simu. Lakini mpishi alimtazama muda mrefu. Ni mtu aliyekaa jikoni miaka mingi, na mtu wa jikoni hapendi maharage yake yakae kwenye maji ya baridi. Akafungua milango yote miwili, akaagiza moto wa kwanza utolewe kwa koleo ukazikwe mchangani, jiko likafagiliwa. Hewa ilipotulia, wakafunga mlango mmoja, kama mwanzo. Akaushika mkaa wa ndoo kwa mikono yake, akaupanga, akawasha.

Tulirudi ndani. Nilikuwa nimebana pumzi kiasi kwamba kama kungekuwa na mashindano ya kuzamia, Lindi ingepata medali. Wifi alisimama karibu na jiko kuliko wote, uso wake juu ya makaa. Kama yangekuwa na ubaya, yangemkuta yeye kwanza. Moto ukapanda. Haukuwa wa bluu. Ulikuwa mwekundu wa kawaida, mwekundu wa jiko la mama yako. Mjomba alikaa tena kwenye kigoda. Mwalimu alikaa na simu sikioni bila kuongea na mtu, nadhani aliisahau pale. Hakuna aliyekohoa. Tuliogopa hata kusafisha koo. Msaidizi mmoja akapiga chafya na wote tukamgeukia kama mwizi. “Mafua,” alisema akinyoosha mikono, “naapa ni mafua.”

Sufuria lilikaa kimya, likakaa kimya tena, kisha likaanza kunung’unika kwa chini. Pembeni povu likatokea. Maharage yakageuka, moja, jingine, yote.

Mpishi mkuu alivuta hewa kwa pua yake yote, nayo haikuwa ndogo. “Hakuna kitu hapa,” alisema. “Huu ni mkaa safi. Sasa ule ulikuwa na nini?”

Akaenda kwenye ile mifuko, akachukua ule uliomwagwa, akaunusa na kuurudisha mbali na uso. “Ninyi hamsikii?”

Nilinusa. Nilisikia harufu ya Mbekenyera, harufu ya mwezi wa saba, ya shati la mume wangu. Sikusikia kitu.

“Mimi sisikii kitu,” mjomba alisema, naye amenusa.

“Haiwezekani, mzee. Huu mfuko unanuka mpaka nyumbani kwetu Njombe.” Akaugeuza nje ndani, akaupiga ukutani. Kwenye mishono likatoka vumbi, laini, la njano, likaelea kwenye mwanga wa dirisha na kutua juu ya koti la sikukuu la mjomba.

“Hii nini?”

Tulikuwa tunakijua tangu tumezaliwa, ndiyo maana ilituchukua muda kukitaja.

“Salfa,” alisema wifi, polepole. “Dawa ya mikorosho.”

“Mmetia mkaa wa kupikia watoto kwenye mfuko wa dawa?”

“Umefuliwa, mama,” nilisema mimi, mwenye cheti.

“Hebu lete maji.” Akamimina maji kwenye beseni, akakung’utia humo lile vumbi. Lilikaa juu ya maji, likaelea, likazunguka, halikulowa wala halikuyeyuka. Miaka yote tuliyoifua mifuko ile mtoni, tulikuwa tunaiogesha tu.

Hakuna aliyesema mifuko ilitoka wapi. Wifi alikuwa anatazama sakafu, na nikajua hatasema hata akichomwa. Mimi pia niliuma ulimi, jambo ambalo waliokuwapo wanalikumbuka mpaka leo. Lakini mjomba alikuwa anaitazama kamba ya furushi, ile kamba ya katani aliyoisuka mwenyewe, bado imefungwa kwenye mfuko wa mwisho. Alikung’uta koti lake. Vumbi lilikataa kutoka.

“Mifuko ni yangu,” alisema.

Mwalimu akashusha simu. “Sasa mzee, mimi nifanyeje? Jikoni nimeshuhudia mara mbili, moja watu wamekimbia, moja maharage yamechemka. Siwezi kuandika kwamba mmefaulu.”

“Usiandike,” wifi alisema. “Tutaleta mwingine. Mzigo mzima, kwenye kitu safi. Uwashe wote, ufunge na madirisha ukitaka.”

Mwalimu akamtazama mpishi. Mpishi akatazama maharage yake. “Jumatatu,” alisema mpishi. “Na lori la Dar lisubiri Jumatatu. Halina njaa.”

Tulitoka nje. Jumatatu ilikuwa baada ya Ijumaa, na sisi watatu tulilijua hilo, ingawa hesabu yenyewe haikuhitaji cheti. Mjomba alitembea mbele hadi kwenye geti bila kugeuka, mfuko ule mtupu kwapani, ile iliyojaa ikiwa imerudishwa kwenye pikipiki. Wifi akamfuata, akasimama ubavuni kwake.

“Mjomba. Ijumaa?”

Mzee alikohoa, sijui kama ilikuwa salfa au maneno. Alipanga fimbo, akaipanga tena.

“Ijumaa mimi sipo,” alisema. “Nitakuwa huku Nachingwea natafuta magunia.”

Wifi alishusha ndoo tupu aliyokuwa ameikumbatia. Mjomba akiwa hayupo, hakuna wa kupokea wageni wala wa kumkabidhi mtu kwa mtu. Hata mumewe alilijua hilo. Ndiyo desturi iliyomwoza.

Ijumaa walifika, yeye na wazee wake wawili, nguo safi, kanzu zimepigwa pasi. Niliwakaribisha kwa maneno mengi kuliko lazima. Nikawaambia mzee amesafiri, na mwenyewe yuko bandani. Wakaenda bandani. Wifi alikuwa kwenye pipa, kanga imefungwa kifuani, macho kwenye moshi.

“Tumekuja tuongee,” mumewe alisema.

“Karibuni. Subirini moshi ubadilike, siwezi kuliacha pipa.”

Walisubiri. Moshi ulikuwa bado ule wa kwanza, mzito kama wa mpira unaoungua, na upepo wa siku hiyo ulikuwa wetu. Mzee wa kwanza akahamia upande wa pili, moshi ukamfuata. Wa pili akatoa leso. Mumewe alivumilia, namsifu kwa hilo, alivumilia mpaka kanzu ikawa ya kijivu, akimtazama mkewe anayechungulia moto bila haraka, kisha akauliza, “Utakuwa wa namna hii mpaka saa ngapi?”

“Mpaka uwe wa bluu.”

Waliondoka ukiwa bado wa kijivu. Wifi hakugeuka kuwatazama. Ulipokuwa wa bluu alifunika, akaziba kwa udongo, ndipo akakaa chini na kulia kidogo, nami nikamletea ugali, safari hii na sehemu yake.

Jua likizama mjomba alirudi na mzigo wa magunia mapya ya katani. Alimpa wifi moja moja, kwa mpangilio.

“Yote yamenuswa,” alisema. “Nilipitia pale shuleni. Yule mama wa Njombe ameyanusa moja baada ya jingine. Haya mapua yetu siyaamini tena.”